Siku Baba Alipokataa Ndizi za Bibi

Nakumbuka Jumamosi ile ya likizo ya Juni kwa sababu baba yangu alikataa kula ndizi za mama yake, na bibi naye kwa kuona hivyo akakataa kula. Nyumba nzima ikakaa na sufuria iliyojaa na watu wenye njaa.

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani, shuleni kwetu Kahororo, mwalimu akiuliza swali huwa nalijua jibu, nalisema kimoyomoyo, halafu anajibu mwingine. Kwa hiyo mengi nitakayoandika hapa si maneno yangu. Ni ya bibi yangu Ma Leokadia, mama yake baba, anayekaa Muleba. Nayaandika kwa ajili ya wenzangu ambao wazazi wao wameanza kupimwa sukari na presha, na kwa ajili ya yeyote anayedhani kwamba kufunga kula ni shauri la tumbo lake peke yake.

Kwanza nieleze baba alikuwa na nini.

Baba anafanya kazi ofisini, Bukoba mjini. Kazi yake ni ya kukaa. Asubuhi alikuwa anakunywa chai ya maziwa na chapati nyumbani, saa nne chai nyingine na maandazi kazini, mchana wali, jioni ndizi, na kabla ya kulala lazima aguse mkate. Mwanzoni mwa mwaka huu akawa anachoka kwa kupanda tu kilima cha nyumbani. Akaenda hospitali. Wakamwambia sukari yake imepanda. Haijawa ugonjwa kamili, lakini imeshafika mlangoni. Alirudi akakaa kibarazani na viatu vyake miguuni mpaka mama akamwuliza kama kuna msiba.

Ungemjua babu ungeelewa. Babu, baba yake baba, alikufa kwa sukari. Ilianza na kidole cha mguu alichojikwaa kwenye kisiki shambani, kidonda kikakataa kupona, mguu ukakatwa, na baada ya mguu akaondoka mwenyewe. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka harufu ya dawa kwenye chumba chake.

Safari ya pili ya hospitali nilimsindikiza mimi, mama alikuwa kazini. Muuguzi alikuwa dada mmoja mpole, akatueleza kwa Kiswahili chepesi. Alisema mwili ukipata chakula hutumia kwanza sukari iliyo kwenye damu, na inayobaki unaiweka akiba, nyingine kwenye ini, nyingine inageuka mafuta. Mtu anayekula tangu asubuhi mpaka usiku haupi mwili nafasi ya kugusa akiba hiyo. Basi akamshauri baba ale ndani ya saa chache: chakula cha kwanza saa sita mchana, cha mwisho kabla ya saa mbili usiku, na hapo katikati ale chakula cha kweli, mboga ziwe nyingi, sukari na vya kukaanga apunguze. Saa za kufunga anywe maji, au chai au kahawa isiyo na sukari wala maziwa. Akaongeza kwamba hiyo si dawa ya kila mtu, na kwamba baba anaruhusiwa kwa sababu hajaanza vidonge.

Baba akashika kama mtu aliyekula kiapo. Wiki za kwanza alikuwa na hasira za ovyo, nisiseme uongo. Kichwa kilimuuma, mama akamwambia kama kufunga kwenyewe ndiko huku afadhali sukari. Lakini baadaye ikapoa. Akaanza kulala bila kukoroma. Mkanda wake ukarudi nyuma tundu kwa tundu. Kilima cha nyumbani akawa anakipanda huku anaongea. Na alipopimwa tena, sukari ilikuwa imeshuka. Siyo sana, lakini imeshuka, na muuguzi akamwambia aendelee hivyo hivyo.

Ila kuna jambo moja. Baba hakumwambia mtu yeyote wa kwao. Si bibi, si shangazi. "Nisiwasumbue," alisema. Mama akamjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Baba akasema hana maradhi, ana mlango tu. Wakaishia hapo.

Sasa turudi Jumamosi ile. Tulikwenda Muleba mimi na baba kumsaidia bibi kahawa, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kuchuma na kuanika. Mama alibaki nyumbani Kahororo na mdogo wangu aliyekuwa na mafua. Tulifika asubuhi, umande bado uko kwenye migomba. Nikapiga magoti kumsalimia bibi, akanishika kichwa, akasema nimerefuka kama mnazi usio na kazi. Shangazi Anatolia alikuwepo, dada yake baba, anayekaa na bibi tangu mumewe afariki. Shangazi ni mtu wa maneno, na maneno yake yana pilipili.

Kwetu, kama hujui, mgeni hapewi habari kabla hajapewa amwani. Hizo ni punje za kahawa zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, za kutafuna. Zinaletwa kwenye kikapu kidogo, unachukua chache, unatafuna taratibu, ndipo mazungumzo yanaanza. Mtu hazitafuni kwa njaa. Anazitafuna kuonyesha kwamba amekuja kwa amani na anakuamini.

Bibi akaleta kikapu. Nikachukua. Baba akachukua pia, akashukuru, akapeleka mkono mdomoni, halafu nikaona mkono umeshuka na kupita kwenye mfuko wa shati. Nikatazama chini. Nilipoinua macho bibi alikuwa anautazama mfuko.

Akaenda jikoni.

Saa nne ndizi zikaja. Bibi alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili yetu. Ndizi zimepikwa na maharage na samaki mkavu, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, mvuke unatoka pembeni. Baba akazitazama kama mtu anayeaga basi. Akasema, "Mama, nitakula baadaye kidogo. Nimeshiba."

"Umeshiba nini?" Shangazi akauliza. "Mmetoka Bukoba gizani. Ulikula hewa ya ziwa?"

"Nimeshiba tu, Anatolia."

"Basi mjini siku hizi hewa ina viungo." Akajipakulia. "Au mkeo amekwambia ndizi za huku zina kitu?"

Alisema kwa kucheka, lakini hakuna aliyecheka naye. Kwetu maneno hayo hayachezewi. Mtoto anayekataa chakula cha mama yake, watu hawaulizi kama ameshiba. Wanauliza nani amemtia hofu ya kuwekewa sumu. Na mtu wa kwanza kufikiriwa ni mke. Nikamwona mama yangu, aliye mbali na hajui lolote, anaingizwa kwenye kesi bila kuitwa.

Bibi alirudisha jani juu ya ndizi, akaliminya pembeni kama anayefunika mtoto. "Mwache," akamwambia shangazi. "Mtu mzima halishwi kwa mkono." Lakini naye hakupakua. Shangazi akaona aibu, akarudisha sahani yake, akatoka nje. Mimi nilikuwa na njaa sana, lakini ningekulaje?

Ilipofika saa sita kamili baba akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya furaha, "Mama, sasa nipe zile ndizi."

Bibi akasema, "Zimeondoka."

"Zimeondoka wapi? Naiona sufuria."

"Chakula alichokikataa mgeni hakirudi mbele yake. Nitawapa mbuzi." Akachukua reki yake ya mbao, akaenda kwenye mkeka wa kahawa uani.

Baba akabaki ameketi, mikono magotini, bwana mzima wa ofisi. Nikamfuata bibi. Nilitaka kusema. Tukawa tunageuza kahawa, yeye upande huu na mimi upande ule, yale matunda mekundu yaliyoanza kuwa meusi, na kila nikitaka kuanza najikuta nageuza tena kahawa ileile. Nikaona bibi ameegemea mpini ili apumue. Nikajua hajala tangu jana jioni, na umri wake ule. Ndipo woga wangu ukapata kitu kikubwa kuliko wenyewe.

"Bibi," nikasema, "baba ana sukari."

Reki ikasimama.

Nikasema yote, haraka haraka, nikitazama kahawa. Kwamba haijawa ugonjwa, iko mlangoni. Kwamba muuguzi ndiye aliyempangia saa, na akasema si dawa ya kila mtu. Kwamba mama hahusiki, mama ndiye alitaka aseme. Nikaeleza habari ya akiba ya mwili. Nikasema ni kama ghala la kahawa: kama kila siku unaleta magunia mapya na hutoi la zamani, ghala litapasuka. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Na amwani? Muuguzi amekataza na amwani?"

Nikafikiri. "Hapana, bibi. Alisema kahawa bila sukari inaruhusiwa."

Bibi akafumba macho kidogo. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, cheko la kimya la kutikisa mabega tu. "Basi mwanangu ni mjinga mwenye bidii," akasema. "Hao ndio wagumu kuwafundisha." Akaniambia nimwite.

Baba akaja. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda ukutani, mimi nikakaa chini. Shangazi akasimama mlangoni, hakutaka kukosa. Na haya ndiyo aliyoyasema bibi, nayaandika kadiri nilivyoyashika, maana aliongea polepole na mara nyingine aliingia kwenye Kihaya na kutoka.

"Mutalemwa," alisema, "mwanangu. Nataka nikwambie habari ya msichana mmoja wa Kashozi, aliyekuwa na umri kama wa huyu binti yako Kemi. Msichana huyo ni mimi. Kwetu tulikuwa karibu na misioni, na Kwaresima kwetu ilikuwa Kwaresima. Watu wazima walikula mlo mmoja wa kushiba, siku nyingine walikunywa maji wakaenda kulala. Mimi mwaka ule nikaamua nitafunga kuwapita wote, na nitafunga kwa siri ili thawabu iwe kubwa. Mama ananipakulia, nasema nimekula kwa shangazi. Shangazi ananipakulia, nasema nimekula kwa mama. Siku moja wakakutana kwenye njia ya kisimani."

Shangazi Anatolia mlangoni akaguna. Bibi akaendelea.

"Mama yangu hakunipiga. Aliniweka mbele ya mafiga akaniambia: Leokadia, tumbo ni lako, lakini chungu ni changu. Ukitaka tumbo lako lipumzike, niambie kabla sijawasha moto. Usiponiambia, hujafunga chakula. Umenifunga mimi. Kwa sababu ninyi mnaona sahani tu. Mimi nimechimba, nimebeba, nimemenya, nimepuliza moto mpaka macho yamewasha, na katika yote hayo nilikuwa naongea na wewe. Ukiurudisha mkono wangu bila sababu, unaninyamazisha. Hayo aliniambia mama yangu, naye amelala kaburini siku nyingi, na leo asubuhi nimeyasikia tena nilipoona mkono wako unaingia mfukoni."

Baba akasema, kwa neno la Kihaya la kuheshimu mkubwa, "Mama, waitu, nisamehe. Sikutaka ujue."

"Najua kwa nini hukutaka nijue." Bibi akamtazama usoni. "Uliogopa nitamkumbuka baba yako."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba alificha, nikaona haya kwa kutoelewa mapema.

"Baba yako nilimlisha," bibi akasema. "Alipougua nikadhani anahitaji nguvu, nikamwongezea. Ndizi mbivu, chai ya sukari nyingi, uji wa sukari. Akisema ameshiba, namsihi. Daktari aliposema apunguze, niliona kama daktari ananitukana. Hakuna aliyenieleza kwa maneno ninayoyaelewa, kama alivyonieleza mtoto huyu sasa hivi juu ya ghala. Sasa wewe umeogopa kuniumiza, ukakaa kimya. Lakini mwanangu, kilichoniua nusu wakati ule ni kutojua. Wewe ndiye ulitaka kunirudisha kwenye kutojua. Leo ningekusihi ule, ungekula kwa kunionea huruma, kesho nakusihi tena. Je, nikuzike na wewe kwa mwiko wangu?"

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Kuku walikuwa wanapita kwenye kahawa na hakuna aliyewafukuza.

Baadaye akasogeza kigoda, sauti yake ikawa ya kawaida. Akasema jambo hili la kufunga wala si geni kama tunavyodhani. Enzi za usichana wake, asubuhi mtu alitafuna amwani akaingia shambani. Chakula kilikuwa mchana, jua likiwa utosini, na cha jioni kililiwa kabla ya giza kwa sababu mafuta ya taa hayakuwa ya kuchezea. Katikati hapakuwa na andazi. "Hatukuita kufunga," alisema. "Tuliita siku. Mtu mnene kijijini alikuwa mwenye duka peke yake." Kisha akajirekebisha, maana bibi hapendi uongo hata mtamu: "Msije mkasema zamani watu walikuwa na afya. Tulikufa kwa mengine. Surua, malaria, uzazi. Nasema tu kwamba mwili unajua kukaa bila kutafuna. Hata mgomba ukiurundikia samadi kila siku unaunguza mizizi. Unaweka, unaacha, unangoja mvua."

Shangazi akauliza, kama kwa utani, basi naye aanze kesho ili apungue kiuno. Bibi akamgeukia.

"Wewe una vidonda vya tumbo na unameza dawa. Uende hospitali kwanza uulize. Mtoto ameniambia si dawa ya kila mtu." Halafu akanielekea mimi. "Na wewe."

Sikuwa nimesema kitu. Lakini nikiri ukweli, nilikuwa nimeanza kufikiria. Sketi yangu ya shule inabana, na wasichana wa bweni wanaambizana waruke chai ya asubuhi. Sijui bibi alijuaje. Pengine aliona nilivyokuwa nalivuta shati langu lifunike kiuno.

"Wewe bado unajengwa," akasema. "Nyumba inayojengwa hainyimwi udongo. Mgomba mchanga ukiukata majani ili upendeze, usitegemee mkungu. Utakula asubuhi, uende shule na akili zako. Siku ukiwa na watoto wako na kiuno kama cha baba yako, tutaongea. Nikiwa sipo, utaongea na daktari."

Nikasema ndiyo, bibi. Na nimeshika mpaka leo. Nakunywa uji wangu asubuhi hata kama nimechelewa.

Kisha akasimama, akaenda jikoni, akakoka moto upya. Zile ndizi za asubuhi kweli aliwapa mbuzi, hakutania, bibi akisema amesema. Akamenya nyingine. Baba akavua saa yake, akachukua kisu akaketi kumsaidia, na mikono yake ikawa myeusi kwa utomvu. Nikamsikia bibi anamwuliza: mboga aongeze? Maharage yana shida? Ndizi kiasi gani? Baba anajibu, bibi anauliza tena, kama mwanafunzi anayejiandaa na mtihani. Tulikula saa nane. Bibi alimpakulia baba kidogo kuliko alivyowahi kumpakulia mtu yeyote, niliona jinsi mkono ulivyokuwa unataka kuongeza na akauzuia. Nadhani ulikuwa mfungo wake yeye.

Wenzangu, nimeyachambua maneno ya bibi mara nyingi tangu siku ile, na nayaona hivi. Kupumzisha tumbo kuna faida, nimeiona kwa baba kwa macho yangu: usingizi wake, pumzi yake, sukari yake. Lakini mtu asianze kwa sababu ameona kwenye simu. Aende akapimwe, aulize, hasa anayemeza dawa, mjamzito, anayenyonyesha, na sisi tunaokua tuache kabisa. Saa ya kula ikifika ale chakula, asilipize kisasi kwa chapati. Na kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, amwambie anayempikia. Kama mzazi wako amenyamaza na wewe unajua, mshauri aseme. Akishindwa, na watu wanaanza kuumizana kwa kutojua, sema wewe, hata kama sauti yako ni ndogo kama yangu.

Tulipoaga, jua limeinama kuelekea upande wa vilima, bibi alimshika baba mikono yote miwili, akaniita na mimi nikaweka wangu juu. Akasema:

"Wanangu, nendeni salama. Mungu awape njaa kwa wakati wake na chakula kwa wakati wake. Miguu yenu iwapeleke na kuwarudisha, yote miwili. Mutalemwa, uzeeke mpaka huyu akuletee wajukuu wakusumbue, na siku hiyo uwe na meno ya kuwacheka. Na atakayewapikia popote mwendako, Mungu ampe masikio, nanyi awape mdomo wa kumwambia."

Baba akasema amina. Nikasema na mimi, na safari hii ilisikika.